Mbuzi Aliyekula Majina: Kilichomo Ndani ya Sekunde 50 za Katuni

Sekunde 50 za katuni ni picha 600. Hesabu yenyewe haina uchawi: sisi tulipiga picha 12 kwa kila sekunde, zidisha utaona. Ila kila picha moja ni mtu ameinama juu ya meza, amesogeza mguu wa mbuzi wa karatasi kwa upana wa punje ya mchele, ameondoa mkono, amebana pumzi, amebonyeza simu. Halafu anarudia. Muhula uliopita tuliifanya kazi hiyo wanafunzi sita, ndani ya chumba cha hosteli ambacho feni yake ilipigwa marufuku kwa sababu ilikuwa inampeperusha mbuzi.

Waliosikia habari hii wameniuliza mambo mawili. La kwanza, inafanywaje? La pili, na hili huulizwa kwa jicho la pembeni, mwalimu mtarajiwa anatafuta nini kwenye katuni? Nitajibu yote mawili, ingawa si lazima kwa mpangilio huo.

Wenzetu wa sanaa za maonesho walikuwa wamepiga filamu ya watoto ya dakika 24. Ni habari ya msichana anayemtafuta mbuzi wake aliyepotea siku ya gulio. Waigizaji ni watu, gulio ni gulio kweli, vumbi ni vumbi. Walichokosa ni ufunguzi, yaani pale mwanzo ambapo jina la filamu na majina ya walioitengeneza yanapita. Walitaka ufunguzi huo uwe wa katuni, na sisi watatu wa elimu tukaingia kwa kuwa tunajua kukata manila. Usicheke. Mtu aliyetengeneza zana za kufundishia kwa bumu lililobaki shilingi elfu mbili ana ujuzi ambao hauko kwenye kozi nyingine yoyote hapa chuoni.

Watu wazima wengi huutumia ufunguzi wa filamu kumalizia meseji. Kwa mtoto mambo ni tofauti. Sisi tunaoandika andalio la somo tunajua hatua ya kwanza ni utangulizi: dakika chache ambazo hufundishi chochote kipya, unawatoa tu watoto uwanjani walikokuwa na kuwaleta kwenye somo. Ukiiruka hatua hiyo, utafundisha watoto ambao miili iko darasani na akili bado inakimbiza mpira. Ufunguzi wa filamu ni utangulizi wa namna hiyohiyo. Unamwambia mtoto kicheko kinaruhusiwa au la, na mambo yatakwenda kwa kasi gani.

Mifano ipo. Filamu ya The Pink Panther ya mwaka 1963 ni ya watu wa kawaida, waigizaji wenye nyama na damu, lakini majina yake mwanzoni yanachezewa na chui wa katuni wa rangi ya waridi. Watazamaji walimpenda hadi akapewa katuni zake mwenyewe, na ile ya kwanza, ya mwaka 1964, ilipata Oscar. Tazama pia Kung Fu Panda ya mwaka 2008, ambayo nina hakika nusu ya wasomaji wangu waliiona kwenye kibanda cha video. Mwanzo wake umechorwa bapa, wenye rangi kali, halafu ghafla Po anaamka na dunia inakuwa ya mviringo na yenye kina. Mtoto wa miaka sita haelezwi kwa maneno kwamba ile ilikuwa ndoto. Macho yake yameshamwambia. Sisi tulitaka kitu kama hicho: karatasi mwanzoni, kisha gulio lenyewe.

Sasa, kwa nini karatasi iliyolala mezani ionekane inatembea? Waliosoma saikolojia ya elimu wanalikumbuka jina la Max Wertheimer kwa sababu ya Gestalt, lakini wengi wanasahau alikoanzia. Mwaka 1912 alichapisha utafiti juu ya mistari miwili inayooneshwa kwa zamu, mmoja huku na mwingine kule. Ukipishanisha kwa kasi inayofaa, mtazamaji haoni tena mistari miwili, anaona mmoja unaohama. Hakuna kilichohama. Ubongo ndio unaojaza pengo. Katuni yote imejengwa juu ya pengo hilo. Sinema kwa kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde, lakini wachora katuni wengi huiacha kila picha yao ikae mara mbili, kwa hiyo huchora 12 tu. Ukishuka chini sana mwendo unaanza kukatakata, ukipanda unaua vidole vyako bure. Tulibaki kwenye 12.

Njia yetu si mpya hata kidogo. Mjerumani Lotte Reiniger aliikamilisha karibu miaka mia iliyopita. Filamu yake ya mwaka 1926, The Adventures of Prince Achmed, imetokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, na ndiyo katuni ndefu ya zamani kuliko zote zilizobaki hadi leo. Aliwakata watu na farasi kwa mkasi, akaunganisha viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye mwanga kwa chini, kamera ikiwatazama kutoka juu. Huo mkasi ndio uliotupa moyo. Hatukuwa na kompyuta ya maana, ila mkasi tulikuwa nao.

Kifaa chetu kilikuwa stuli iliyowekwa juu ya meza, simu imelazwa juu yake ikichungulia chini kupitia uwazi wa kikalio. Dirisha tuliliziba kwa kanga mbili, kwa sababu jua likisogea nyuma ya wingu katuni inapepesa kama taa mbovu. Balbu mbili za aina moja, kushoto na kulia. Simu iwe haina mtandao, maana mama akipiga katikati ya kazi mtetemo tu unatosha kuhamisha picha. Mwanga na umakini wa kamera unafungwa visibadilike vyenyewe. Programu tuliyotumia ni ya bure na inaonesha picha iliyopita kwa wepesi, kama kivuli, ili ujue umesogeza kiasi gani. Umeme ukikatika, mnalala. Hilo halina mjadala.

Mbuzi mwenyewe ndiye aliyetufikisha kwenye jambo ninalotaka kulisema.

Hatukumchora sisi. Tulikwenda kwenye shule ya msingi ambako baadhi yetu tulifanya mazoezi ya kufundisha, tukawaomba watoto 18 wa darasa la pili wachore mbuzi. Jamani, wale mbuzi! Kuna mwenye miguu mitano, kuna aliyepigwa kwa ubavu lakini macho yote mawili yanakutazama. Mfaransa Georges-Henri Luquet aliandika mwaka 1927 kwamba mtoto wa umri huo huchora anachokijua, si anachokiona, na hapo nilimwelewa vizuri kuliko nilivyomwelewa darasani. Mtoto mmoja alichora mbuzi na ndani ya tumbo lake akachora majani. Kwani majani si yako mle? Anajua yako mle, kwa hiyo yanaonekana.

Wazo letu lote lilitoka kwenye lile tumbo. Mbuzi anaingia, anakuta jina la mwongozaji limesimama kama kichaka, analila, na herufi zinaonekana tumboni zikiwa zimechanganyika. Anakwenda kwa jina linalofuata. Kichwa tulichukua kwa mtoto mmoja, pembe kwa mwingine, miguu kwa wanne tofauti, viungo tukavifunga kwa uzi mweusi. Kabla hajaruka anachuchumaa kwa picha 3. Mkae mkijua hilo: kujiandaa kabla ya tendo ni moja ya kanuni 12 za uchoraji wa katuni ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney walizieleza kwenye kitabu chao cha mwaka 1981. Ukiondoa zile picha 3, mbuzi haruki, anahamishwa.

Ualimu ulisaidia pia kwenye herufi. Mtoto wa darasa la pili bado yuko kwenye KKK, anasoma kwa silabi, na neno linalotembea hawezi kulikamata. Kwa hiyo jina la filamu linasimama tuli sekunde 5 nzima, picha 60, mbuzi akitafuna tu pembeni. Herufi ndogo tulizitumia badala ya kubwa tupu, na "a" yetu ni ile ya mviringo wanayoandika kwenye daftari, siyo ile yenye kofia ya magazetini.

Mwishoni mwa ufunguzi tuliweka majina ya watoto 18. Kila mmoja aliandika la kwake kwa mkono wake kwenye kipande cha karatasi. Yanatokea moja moja, kila nusu sekunde, na linalotokea halifutiki. Yakitimia yote yanabaki sekunde 2 zaidi. Jumla sekunde 11. Mbuzi anayanusa, ananyanyua kichwa, anaondoka bila kula hata moja.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Msimamizi wa filamu alituambia ufunguzi umezidi, upungue sekunde 8, na akatuonesha mahali pa kukata: majina ya watoto. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Watoto hawajui kwamba majina hutajwa, hawatalalamika, na hakuna mtazamaji anayewafahamu. Mmoja wetu naye akamuunga mkono kwa sababu tofauti kabisa: mtoto asianikwe. Leo jina lake liko kwenye filamu, kesho nani ajuaye litatumikaje.

Hoja ya mwisho ilinisumbua zaidi, kwa sababu ni ya kweli. Lakini kumlinda mtoto na kumfuta ni vitu viwili. Tulikuwa tumeshaomba ruhusa ya wazazi kupitia kwa mwalimu mkuu. Tuliandika jina la kwanza tu, hakuna la ukoo, hakuna jina la shule, hakuna sura. Anayejijua atajiona, mgeni hatapata kitu. Kuhusu kwamba hawatalalamika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi wa kazi ya sanaa haki ya kutambuliwa kuwa ni yake, na mchoro wa penseli ni kazi ya sanaa. Mimi ninayelalamika usiku kucha mtu akinakili asaimenti yangu bila kunitaja, nawezaje kuchukua pembe za mtoto wa miaka minane na kunyamaza?

Kuna sababu nyingine, ya darasani. Kwa watoto wengi, neno la kwanza kulitambua lilivyo, bila kulipasua silabi kwa silabi, ni jina lao wenyewe. Mle ndani ya dakika 24 kuna maneno machache sana ambayo mtoto wa nyuma kabisa darasani ana uhakika wa kuyasoma. Hilo moja anao.

Tulikata sekunde 8 mahali pengine. Nne zilikuwa majina yetu sisi sita. Yamehamia mwisho wa filamu, wakati watu wanatafuta viatu. Nne nyingine zilikuwa mbuzi akiruka uzio, picha 48, usiku mbili za mwenzetu wa uhandisi ambaye hadi leo hataki kuuzungumzia uzio ule. Tumebaki na sekunde 42, picha 504. Msimamizi aliitazama mara mbili, akasema sawa.

Sauti sitaieleza sana. Kutafuna kwa mbuzi ni mtu anakula kabichi mbichi karibu na simu. Mlio ni wa mbuzi halisi anayezurura nyuma ya kafeteria, na alidai ganda la ndizi kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu: manila mbili, uzi mweusi, gundi, balbu mbili na nauli ya kwenda shuleni mara tatu, hatukufika shilingi 30,000. Usianze na sekunde 50. Anza na 5, mpira unaodunda, picha 60, jioni moja kwenye kimbweta kabla giza halijaingia.

Wiki ya mwisho tuliwapelekea watoto kipande hicho kwenye laptopu wakikague. Walishangilia tumbo, kama tulivyotarajia. Kisha mvulana mmoja akaja mbele, akaonesha jina lake, la 14 kwenye orodha, akasema "z" imegeukia upande wa pili na yeye siku hizi anaiandika vizuri. Sisi tulikuwa tumeipenda hivyohivyo. Yeye hakuipenda, na jina ni lake. Kwa kuwa simu ilikuwa imeshatolewa kwenye stuli, na ikishatoka hairudi palepale, ilibidi kupiga upya sehemu yote ya majina, picha 132. Tulimpa karatasi mpya na kalamu ya wino mzito. Ile ya zamani aliikunja akaitia mfukoni.