Kapteni Komba na Kwaya ya Mwambao wa Nyasa

Anayemkumbuka Kapteni John Komba kama mpiga debe wa CCM tu anaacha nusu ya habari. Komba, aliyefariki Februari 28, 2015, alizaliwa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, mwaka 1954. Alitumikia jeshi, JWTZ, kabla ya kuliongoza kundi la muziki la Tanzania One Theatre, lililoundwa mwaka 1992 vyama vingi viliporudi. Kiufundi, jamaa wa karibu wa muziki wake yuko ng'ambo: soul ya Wamarekani weusi. Sam Cooke alitoka katika kundi la injili la Soul Stirrers, akauhamishia ufundi wa kanisani kwenye nyimbo za mapenzi; Komba aliitoa kwaya altareni akaipandisha jukwaa la siasa. Kiongozi anatupa kauli, waitikiaji wanaidaka kwa sauti zilizopangwa, naye anawarukia tena kwa sauti nzito. Mwambao ule wa Nyasa alikozaliwa ulikuwa na shule mbili za uimbaji huo. Kulikuwa na kwaya za misheni, Wabenediktini upande mmoja na Waanglikana wa Liuli upande mwingine. Na kulikuwa na mganda, ngoma ya wanaume wanaojipanga mistari, kaptula zimenyooshwa, hatua za gwaride la askari wa mkoloni, vibuyu vikipulizwa badala ya tarumbeta. Kwa mtoto wa huko, wimbo na kombati havikuwa vigeni kimoja kwa kingine.

Yapo mapingamizi, na lililo zito ni hili: soul ilisimama na wanyonge, Curtis Mayfield akiwatungia wapigania haki za raia, ilhali Komba alikiimbia chama kilichoshika dola. Ni kweli, na nyimbo zake kadhaa za kampeni ziliisha na kampeni zake. Lakini upande wa mtunzi hauufuti ufundi wake. James Brown alimuunga mkono Rais Nixon mwaka 1972 na bado soul ni yake. Kipimo cha haki ni Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London. Nyimbo za maombolezo za Komba zilitawala redio, na waliolia nazo hawakuulizana kadi za chama. Humo hamkuwa na ilani ya kunadi wala mpinzani wa kukejeli. Ilibaki kwaya, kitu alichokimudu kuliko siasa yenyewe, ijapokuwa baadaye alikaa bungeni takribani miaka kumi kama mbunge wa Mbinga Magharibi.