Boti Haiukimbii Mwangwi Wake

Je, wajua kwamba hakuna boti ya kawaida iwezayo kuuacha nyuma mwangwi wa kipima kina chake? Manahodha wengi wakiona tarakimu zinapotea pindi boti inapokaza mwendo, husema chombo kimeishinda sauti inayorudi kutoka chini. Hesabu inakataa. Sauti majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Penye kina cha mita 20, mlio hushuka, hugonga mchanga na kurudi kwa sekunde 0.027 hivi. Boti inayokimbia maili 25 za baharini kwa saa huwa imesogea kama sentimita 35 tu. Tena mlio hutanuka kadiri unavyoshuka, hivyo eneo linalopigwa huko chini lina upana wa mita kadhaa. Mwangwi unaikuta boti pale pale.

Basi tarakimu hupotelea wapi? Huzimwa na hewa.

Ndani ya transdusa, kile kidude kinachofungwa chini ya boti, mna kauri inayotetemeka ikipewa umeme, na inayotoa umeme mwangwi ukirudi kuitetemesha. Vingi vya vipima kina vya boti ndogo hutumia kilohezi 50 au 200. Mlio huo hupenya majini bila taabu, lakini ukikutana na hewa karibu wote hurudishwa palepale. Utando mwembamba wa povu chini ya transdusa watosha kuiziba.

Mjerumani Alexander Behm, aliyepata hataza ya kupima kina kwa mwangwi mwaka 1913, alianza kwa kutafuta namna ya kugundua milima ya barafu baada ya Titanic kuzama. Barafu ilimshinda, sakafu ya bahari ikamjibu. Mabaharia waliokuwa wakitupa bildi na kuhesabu pima wakapata kitu kisichohitaji meli kusimama. Lakini meli za siku zile zilikwenda polepole, na matumbo yao yalizama sana. Boti ya fiba yenye injini mbili huinua omo na kuteleza juu ya maji. Kila mchirizi wa chini yake, kila kichwa cha skrubu na kila tundu la kuingizia maji huburuta viputo hadi tezini. Transdusa ikifungwa nyuma ya kimojawapo, hata uwe umeinunua kwa bei ya pikipiki, itasoma povu.

Kwa hiyo usianze na drili. Mtu mmoja aendeshe kwa mwendo wa kawaida wa safari, mwingine ashikilie vizuri na kutazama maji yanavyoachana na ubao wa nyuma. Kuna mahali yanatoka meupe, yamechafuka. Kuna mahali yanatoka maangavu, yamenyooka. Hapo maangavu ndipo penyewe. Ikiwa panga boi ya injini huzunguka kufuata mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka nyuma, anza kutafuta upande wa kulia, maana huko makali yake hushuka badala ya kupanda na kuvuruga maji. Uso wa transdusa ukae milimita chache chini ya usawa wa boti, na ncha yake ya nyuma ishuke kidogo tu kuliko ya mbele. Ukiushusha mno, utarusha maji na kutengeneza povu lake wenyewe.

Wengine huikwepa shida yote kwa kuigandisha transdusa ndani ya boti, ipige mlio kupitia fiba. Mimi naipenda njia hii, ingawa inakula nguvu kiasi na inahitaji fiba tupu: mbao au sponji iliyobanwa katikati ina hewa, na mlio hautapita. Kabla ya gundi, mwaga maji kidogo ndani, ikandamize transdusa humo, kisha linganisha na kina unachokijua. Gundi ya epoksi nayo isiwe na viputo, la sivyo umemwalika adui ndani.

Kuna vipima ambavyo vikipoteza chini huendelea kuonyesha namba ya mwisho ikimetameta. Asiyejua huisoma kama ya sasa. Vingine hushika povu na kuandika nusu mita katikati ya bahari kuu. Katika mkondo wa Pemba, ambako kina hufika mamia ya mita, kilohezi 200 za kifaa kidogo huenda zisifike kabisa, hata boti ikiwa imetulia. Huo si ubovu, na kilohezi 50 hushuka mbali zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo ufungaji bora hautalitibu. Kipima hutazama chini, hakitazami mbele. Boti ya maili 25 za baharini kwa saa humeza karibu mita 13 kila sekunde. Skrini inaweza kuandika mita 40, ikawa sahihi kabisa, huku mwamba ulio mita 50 mbele ya omo ukiwa umebakiza sekunde zisizofika nne.