Mtoto hawezi kula mwenyewe? Anzia tonge la mwisho

MWANZA. Ugali umeiva, sato yuko mezani na mikono imenawiwa. Kwa watoto wengi wa Kirumba, Igoma au Igombe, kinachofuata hakihitaji maelezo.

Kwa mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo ulioathiri upande wa kulia, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mara nyingi huishia kwa mama kumlisha, maana chakula kinapoa na wenzake wameshamaliza.

Mama hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mwakani mtoto anaanza darasa la kwanza, na huko mama hatakuwepo.

Hapa ndipo anapohitajika mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wazazi wengi humchanganya na wa tiba ya viungo, ambaye huangalia zaidi misuli, maungo na mwendo. Huyu wa vitendo huuliza: mtoto anatakiwa kufanya nini kila siku, na anakwama wapi? Kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kucheza na kuandika ndizo kazi za mtoto. Nchini, fani hii imekuwa ikifundishwa KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1980.

Tonge moja, hatua saba

Kabla ya kumpa mtoto zoezi, mtaalamu huichambua shughuli yenyewe. Chukua tonge la ugali:

1. Kuketi bila kuyumba.
2. Kuifikia sahani.
3. Kumega.
4. Kuviringisha tonge na kulibonyeza kwa dole gumba.
5. Kuchovya kwenye mchuzi.
6. Kupeleka mdomoni.
7. Kutafuna na kumeza.

Akiwepo sato, inaongezeka kazi ya kutenganisha mnofu na miiba.

Ndiyo maana kusema "hawezi kula" hakutoshi. Huenda anaziweza hatua tano na kukwama kwenye mbili. Mtoto anayeyumba hutumia mkono wake mzima kujishikilia asianguke. Nyumbani wanasema tatizo ni mkono, kumbe ni kiti.

Anzia mwisho

Njia moja inayotumika sana ni kuanza na hatua ya mwisho. Mama anamega, anaviringisha na kuchovya, kisha anamwachia mtoto alipeleke tonge mdomoni. Akizoea, achovye mwenyewe, halafu aviringishe. Kwa njia hii kila mara mtoto ndiye anayemaliza kazi, na hilo humpa hamu ya kurudia.

Fulana nayo ni hivyo hivyo: mvalishe, umwachie kuishusha kutoka kifuani. Wakati wa kuvaa, mkono dhaifu uingie kwanza. Wakati wa kuvua, utoke mwisho.

Mazingira nayo hubadilishwa bila gharama kubwa. Tafuta kigoda kinachoruhusu nyayo kugusa chini. Weka kitambaa kibichi chini ya bakuli lisiteleze. Zungushia mpini wa kijiko kipande cha tyubu ya baiskeli ili ushikike vizuri.

Mkono wa kushoto

Familia nyingi hukwama hapa. Mkono wenye nguvu ni wa kushoto, na bibi akiona anasema, "Hatuli kwa mkono huo, mjukuu wangu."

Bibi anafundisha adabu aliyolelewa nayo. Uchambuzi mzuri wa shughuli hauangalii misuli tu, huangalia pia maana ya tendo kwa wanaokula sinia moja. Familia inaweza kukubaliana kwamba mtoto awe na bakuli lake na kijiko mkono wa kushoto, huku wa kulia ukilishikilia bakuli. Adabu inabaki, na mkono dhaifu unapata kazi.

Kumchapa hakusaidii. Chanzo cha udhaifu kiko kwenye ubongo, si ukaidi.

Usisubiri nyumbani

Mtoto akipaliwa au kukohoa kila anapokula, sauti yake ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, au akiugua kifua mara kwa mara, mpeleke hospitali kwanza. Usimlishe akiwa amelala chali, na sato atolewe miiba yote.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu na uulizie rufaa ya huduma za utengemao, ikibidi hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Kwa mzazi wa Sengerema, Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 limemwondolea foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi.

Kabla ya kwenda, rekodi kwa simu mlo mmoja wa kawaida wa nyumbani. Wodini mtoto huona haya au huogopa. Video itamwonyesha mtaalamu kiti, sahani na hatua ambayo mtoto anakwama.

Usiku wa leo, kabla hujamlisha, subiri kidogo na uhesabu. Amefika hatua ya ngapi?