Soma Kikombe Kabla ya Kutaja Spishi

Anayefuga matumbawe nyumbani huanza na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kimebandikwa kwa gundi juu ya kijiwe na kupewa jina la kuvutia. Jina hilo ni la biashara: linasifu rangi, au linatangaza duka lililokikuza. Mnunuzi akiuliza jina la kisayansi, muuzaji humtajia spishi papo hapo, bila hata kukitazama kipande kwa lenzi. Hapo ndipo pa kusita. Tumbawe gumu lililo hai tangini huweza kujulikana jenasi yake kwa macho na lenzi ya mkononi, ila spishi yake ni nadra kujulikana bila kukiona kiunzi.

Kwanza hakikisha kwamba ni tumbawe gumu kweli. Kundi hilo, Scleractinia, lina spishi zaidi ya 1,500, na karibu nusu yake ndizo zinazojenga miamba. Kila polipi hujijengea kikombe cha chokaa, na minyiri yake kwa kawaida huja sita au kwa vizidisho vya sita. Ukihesabu minane yenye vinyoya pembeni, umetoka nje ya kundi hilo hata kama kuna kiunzi. Ndivyo ilivyo Tubipora yenye mirija myekundu, na Heliopora ambayo kiunzi chake ni cha buluu. Zote mbili ni jamaa wa matumbawe laini. Millepora, inayomwasha mzamiaji anapoigusa, ni ya kundi jingine kabisa, la haidrozoa.

Ukishapita hapo, weka rangi kando. Hudhurungi hutokana na mwani wa hadubini wanaoishi ndani ya nyama ya polipi, na kijani au waridi inayong'aa hutokana na protini za tumbawe lenyewe. Vyote viwili hubadilika mwanga ukibadilika. Kipande kilichong'aa dukani chini ya taa ya buluu chaweza kuonekana cha kawaida tu chini ya taa nyeupe, na kikahama rangi tena baada ya miezi michache katika tangi jipya.

Wafugaji pia hugawa matumbawe magumu mafungu mawili, ya polipi ndogo na ya polipi kubwa. Mgawanyo huo unafaa kwa kupanga taa na mkondo wa maji, lakini hausemi lolote kuhusu ukoo. Mfano mzuri ni Goniopora na Alveopora. Zote mbili hutoa polipi ndefu zinazoyumba majini kama shada la maua, na dukani huchanganywa kila siku. Hesabu minyiri ya polipi moja: Goniopora ina 24, Alveopora ina 12. Na wataalamu wanaiweka Goniopora pamoja na Porites, ilhali Alveopora imehamishiwa familia ya Acropora, ambayo polipi zake ni ndogo mno.

Kwa matumbawe ya matawi, tazama ncha. Tawi la Acropora huishia kwenye kikombe kimoja kikubwa kinachokua mbele ya vingine, na vikombe vya ubavuni hupangika kukizunguka. Montipora, jamaa yake wa karibu, haina kikombe hicho cha nchani, na vyake ni vidogo, vimezama baina ya vijinundu. Vikombe vya Seriatopora hujipanga kwa mistari kwenye matawi membamba yenye ncha kali, vya Stylophora vina kipaa kidogo upande wa juu, na uso wa Pocillopora umejaa vinundu ambavyo navyo vimebeba vikombe.

Kwa yale ya duara, tazama kuta. Katika Favites, vikombe jirani hutumia ukuta mmoja. Katika Dipsastraea kila kikombe kina ukuta wake, na kuna mfereji kati yao. Hiyo Dipsastraea wafugaji wengi bado huiita Favia, lakini tangu mapitio ya mwaka 2012 jina Favia limebaki kwa matumbawe ya Atlantiki.

Kuna mahali kanuni ya kiunzi inageuka. Matumbawe ambayo wauzaji huyaita mwenge, nyundo na mayai ya chura yana viunzi vinavyokaribiana mno, kwa hiyo yanatambuliwa kwa ncha za minyiri yakiwa hai. Mwenge, Euphyllia glabrescens, una minyiri mirefu isiyogawanyika, yenye kifundo mwishoni. Nyundo ina ncha zilizopinda kama nanga, na mayai ya chura ina minyiri yenye vitawi. Hizi mbili za mwisho zilihamishiwa jenasi Fimbriaphyllia mwaka 2017.

Kwa nini basi tusifike hadi spishi? Kwa sababu tumbawe hujijenga kwa kufuata mahali lilipo. Spishi ileile huota matawi mafupi manene panapopigwa na mawimbi, na membamba yaliyotawanyika kwenye maji matulivu. Acropora ina spishi zaidi ya 100, na maelezo yake hutegemea sana umbo la tumbawe zima lililokulia baharini. Kipande cha tangini hakina umbo hilo. Kimekua kati ya pampu na kioo. Vipimo vya DNA navyo vimeonyesha kwamba majina tuliyodhani ni ya spishi moja, kama Stylophora pistillata, yamefunika nasaba zaidi ya moja.

Anayetaka kujaribu asubiri tawi livunjike au life lenyewe. Lichovye kwenye jiki iliyochanganywa na maji, mbali na tangi na bila kuongeza siki wala tindikali yoyote, mpaka nyama yote itoke. Lisuuze, likaushe, kisha lipige picha chini ya taa nyeupe, rula ikiwa kando. Sasa utaviona viambaza vinavyotoka ukutani kuelekea katikati ya kikombe, na kama pana nguzo hapo katikati. Linganisha na vitabu vitatu vya J.E.N. Veron, Corals of the World, vya mwaka 2000, ukikumbuka kwamba baadhi ya majina yamebadilika. Uliza pia bahari lilikotoka, maana matumbawe yanayojenga miamba ya Karibi na yale ya Hindi na Pasifiki karibu hayana spishi ya pamoja. Mzamiaji wa Watamu au Chumbe atazikuta Acropora, Pocillopora na Galaxea zikiwa hai miambani, na lenzi ileile itamfaa bila kuvunja kitu.

Kwa mahitaji ya nyumbani, jenasi inabeba karibu kazi yote. Galaxea hurusha usiku minyiri mirefu inayochoma majirani, kwa hiyo hupewa nafasi. Kuna mnyoo bapa anayekula Acropora, na konokono asiye na gamba anayekula Montipora; ukijua jenasi unajua nani wa kumtafuta kwenye kipande kipya. Hata mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya matumbawe magumu yote chini ya Kiambatisho cha Pili, hukubali jina la jenasi peke yake kwenye vibali vya matumbawe mengi.

Kwa hiyo andika Acropora sp., kifupisho ambacho wanasayansi hutumia spishi isipojulikana. Ongeza asili ya kipande, tarehe ya kukinunua na picha ya vikombe. Majina yakipangwa upya, mwenye picha hiyo ataweza kusahihisha kibandiko chake. Aliyenakili jina la dukani hatakuwa na cha kurejea.