TAA YA MASHUA NA WAYA WAKE



Askari aliye zamu usiku katika ufuko wa Palma, au aliye ndani ya boti ya doria kati ya kisiwa cha Vamizi na mlango wa mto Ruvuma, hukabiliwa na swali moja: kile cheusi kilichoko juu ya maji ni nani? Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, swali hilo si la mzaha. Wavamizi wametumia njia ya bahari pia, na mwezi wa Septemba 2020 walikifikia kisiwa chenyewe cha Vamizi. Lakini Palma iliposhambuliwa mwezi wa Machi 2021, vyombo vya wavuvi vilikuwa miongoni mwa vile vilivyowachukua wananchi waliokuwa wakikimbia. Chombo ni kile kile. Kinachotofautisha ni watu waliomo.

Jambo la kwanza ambalo mvuvi anaweza kumwonyesha askari akiwa mbali ni taa. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, hazikuwasahau wanyonge. Chombo cha mashine chenye urefu usiofika mita 7, na ambacho mwendo wake hauzidi maili 7 za baharini kwa saa, kinaruhusiwa kuonyesha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Ngalawa ya tanga au ya makasia yatosha iwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ioneshwe mapema.

Basi kwa nini mashua nyingi zenye taa huonekana gizani bila taa? Mara nyingi kosa liko kwenye waya. Mwenye chombo hununua betri ya volti 12, kisha taa, pampu ya kutoa maji ya ngama, redio na waya wa kuchajia simu, vyote akavifunga pamoja juu ya ncha za betri na kuzungushia utepe wa plastiki. Mawimbi ya kusi yakianza kupiga, waya mmoja husuguliwa na taruma hadi kuchubuka. Hapo ama moto huwaka, ama vyote huzimika kwa pamoja.

Ugawaji ulio sahihi huanza na waya mmoja mnene kutoka ncha chanya ya betri. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri, isizidi urefu wa kiganja, kwa maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kisha ije swichi kuu, halafu kisanduku ambamo kila tawi lina fyuzi na swichi yake: taa peke yake, redio peke yake. Waya za kurudi zikutane kwenye kipande kimoja cha shaba. Kisanduku si lazima kiwe cha dukani. Nimepata kuona kimoja kilichotengenezwa kwa bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na kilikuwa kikavu kuliko vingi vya bei kubwa.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi hulikosea. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya kuilinda taa. Inaulinda waya usiungue. Anayebadilisha fyuzi iliyokatika kwa msumari ameuacha waya uwe fyuzi, na waya huo umelala juu ya mbao, pengine kando ya dumu la petroli.

Pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe haipiti kwenye swichi kuu. Ipewe njia yake moja kwa moja kutoka kwenye betri, pamoja na fyuzi yake, ili chombo kilichotia nanga kisizame wakati mwenyewe amelala nyumbani.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Pampu inayotumia ampea 5, ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, umeme wake husafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, volti moja nzima hupotea njiani. Kwa waya wa milimita mbili na nusu za mraba, upotevu haufiki nusu volti. Shaba iliyopakwa bati hudumu zaidi, kwani chumvi huigeuza shaba tupu kuwa ungaunga wa kijani.

Ndugu askari, mnapokagua mashua msizivute waya hizo. Mwombeni nahodha awashe taa, kisha awashe pampu. Taa ikififia sana, ama waya ni mwembamba, ama betri imechoka. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu, na haifai kuendelea kutumiwa mpaka ichajiwe.

Boti za doria nazo zina wajibu huo huo. Kurunzi ya wati 100 hula zaidi ya ampea 8. Ikiunganishwa kwenye fyuzi moja na redio ya mawasiliano, fyuzi hiyo ikikatika redio nayo hunyamaza, na hiyo huwa ndiyo saa mnayoihitaji.

Tena, betri ifungwe kwa mikanda mahali panapopita hewa, kwani inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Na ikiwa maji ya bahari yameingia ndani yake, hutoa klorini, ambayo ni sumu. Ukisikia harufu kali ya dawa ya kufulia karibu na sanduku la betri, usiiname kuchungulia. Kata swichi kuu, geuza chombo upepo upite, na watu wakae upande unakotoka upepo.