Hela haijaingia mpaka uione kwenye salio

Leo tuongee kuhusu meseji za pesa. Najua kuna atakayesema, ah, hilo nani asiyejua? Wengi tu, na ndio maana matapeli wanaendelea kula.

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Leo mama anayeuza nyanya kando ya barabara kuu hapa Mikumi analipwa kwa simu na mtu wa lori ambaye hatamuona tena. Jamaa anasema nimeshatuma, simu inalia, meseji ipo, tenga linapakiwa, lori hilooo linakata kwenda Iringa. Jioni mama anakwenda kutoa hela, hamna kitu!

Mchezo uko hivi. Tapeli anaandika meseji yenye jina, kiasi na saa, kila kitu kama ya kweli, halafu anaituma kwa laini yake. Angalia juu ya meseji. Ya kweli imeandikwa M-PESA. Ukiona namba ya kawaida ya 07 au 06, hiyo kaiandika mtu. Halafu piga *150*00# uangalie salio kabla mzigo haujaondoka. Mteja akinuna, anune. Ni dakika moja tu.

Kuna na hii: "Samahani mama, nimekosea namba, nirudishie elfu hamsini yangu." Usirudishe mwenyewe. Mwambie apige 100, huduma kwa wateja, wao ndio wanaorudisha muamala. Na kama kweli imeingia, usiile.

Kinachoniuma zaidi ni wazee wetu kumpa wakala simu pamoja na namba ya siri, eti "niangalizie mwanangu". Wakala haihitaji hata kidogo. Menyu ni ya Kiswahili, wajukuu wafundisheni hawa wazee jamani.

Ile meseji ya "hela tuma kwenye namba hii" msiifute tu. Itume kwenda 15040, utaulizwa namba ya tapeli, nayo uitume.

Mwisho piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu tuanze kusajili kwa alama za vidole, wapo wasajili wanaokwambia "weka kidole tena, haijasoma", kumbe wanasajili laini ya pili. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao huo waifute haraka, maana akitapeliwa mtu kwa laini hiyo, jina litakalosomwa polisi ni lako.