Unatumia dawa za kifafa? Sema kabla ya kuwekewa kijiti

Chukua mfano wa mama anayeuza mchele jirani na mpaka wa Tunduma. Kila jioni, malori yakiwa bado kwenye foleni ya kuingia Zambia, humeza kidonge chake cha fenobabitali. Mwaka mzima hajaanguka kifafa. Kwa kuwa ana mtoto mdogo, anakwenda kliniki ya mama na mtoto na kuwekewa kijiti. Miezi michache baadaye, ni mjamzito.

Nyumbani maneno yanaanza. Mume anahoji kama kijiti kiliwekwa kweli. Majirani wanasema kimehama. Kumbe kijiti kiko palepale mkononi. Tatizo ni dawa mbili zilizokutana mwilini bila mtu kuziuliza.

Fenobabitali, kabamazepini na fenitoini hulifanya ini livunje homoni haraka kuliko kawaida. Homoni za vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti hupungua kwenye damu, na kinga hulegea. Hali hiyo huwapata pia wanaotumia modafinili, dawa ya ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana.

Mara nyingi mama huchukua dawa za kifafa kwenye kliniki moja na uzazi wa mpango kwenye nyingine, kila moja na kadi yake. Asiposema mwenyewe, mhudumu hana pa kujulia.

Njia zipo. Sindano ya miezi mitatu haipunguzwi nguvu na dawa hizi, wala kitanzi. Kondomu huongeza kinga. Mweleze mhudumu dawa unayotumia, naye atakusaidia kuchagua.

Ukigundua una mimba, usiache dawa za kifafa kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, hatari kwa mama na kwa mtoto. Wahi hospitali, daktari ndiye abadilishe dozi au dawa. Anayepanga kuzaa aende mapema zaidi, kwani huhitaji pia asidi ya foliki kabla ya mimba kutunga.

Wazazi wenye mabinti nao wasikae kimya. Msichana akivunja ungo, homoni hubadilika, na kwa baadhi ya wanawake kifafa huzidi siku za kukaribia hedhi. Andika kwenye kalenda siku anazoanguka na siku za hedhi, kisha mpelekee daktari kalenda hiyo. Kama binti anatumia sodiamu valproeti, uliza kuhusu dawa nyingine mapema, kwa sababu hiyo inaweza kusababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni. Lakini asiiache mpaka daktari aelekeze.

Iwe unatibiwa Tunduma, Vwawa au Ileje, weka kadi zote mbili kwenye bahasha moja. Ukinunua dawa ng'ambo ya mpaka, tunza boksi lake, maana jina linaweza kuwa tofauti na ulilolizoea.

Na kabla hujanyoosha mkono kuwekewa kijiti, toa kidonge chako na uulize: "Ninatumia hii. Je, vinapatana?" Baba aliyemsindikiza mkewe naye anaweza kuuliza. Afadhali swali hilo likaulizwa kliniki leo kuliko lawama kuanza nyumbani kesho.